Mzinga wa polistireni umegoma kutakata: dalili, chanzo na la kufanya

Mzinga wa mbao ukichafuka, mfugaji wa zamani hana maneno mengi. Anaukwangua, anawasha tochi ya gesi, anaubabua ndani mpaka mbao igeuke rangi ya kahawa, basi. Mzinga wa polistireni haukubali ubabe huo. Moto unauyeyusha, petroli inaula, maji yaliyochemka yanaupinda. Kwa hiyo kila Machi huku Uingereza, wafugaji wanapotoa maboksi ya akiba stoo kabla makundi hayajaanza kutanuka, malalamiko ni yale yale, na mengi yana mzizi mmoja: mtu amekimbilia dawa ya kuua vijidudu kabla hajaondoa nta na gundi ya nyuki, yaani propolisi, ule utomvu wanaozibia nyufa.

Kusafisha ni kazi moja, kuua vijidudu ni nyingine. Klorini haipenyi nta. Ikikutana na mabaki ya asali na kinyesi cha nyuki inajimaliza hapo hapo, na kijidudu kilichojificha chini yake kinabaki salama salimini. Nitalirudia hili zaidi ya mara moja, mnivumilie.

Mizinga hii imeenea Finland, Denmark, Ujerumani na Uingereza kwa sababu ya baridi. Ukuta wake unatunza joto la kundi kuliko mbao. Si ile polistireni nyepesi ya kufungia televisheni. Imeshindiliwa, mita moja ya ujazo ina uzito wa kilo 100 hivi, lakini bado ni punje zilizobanwa pamoja chini ya ngozi nyembamba. Msomaji wa Tabora, Kigoma, Kitui au Baringo mwenye mzinga wa fremu wa Langstroth, wa mbao, atakuta mambo ya masega, patasi, glavu na mashine ya asali yanamhusu vilevile. Ruhusa ya kubabua kwa moto anayo yeye tu.

Maji mawili ya kuandaa kwanza

La kwanza ni soda ya kufulia. Kilo 1 ya fuwele katika lita 5 za maji ya moto ya kuvumilika, na matone machache ya sabuni ya vyombo. Angalia unachonunua: fuwele zinazouzwa madukani Uingereza zimebeba maji mengi ndani yake, soda yenyewe ni zaidi kidogo ya theluthi moja. Ukiwa na unga mkavu wa magadi ya viwandani, kama yale yanayochimbwa Ziwa Magadi, gramu 400 zinafanya kazi ya ile kilo. Baking soda ya keki ni dhaifu mno, iache jikoni. Vaa glavu za mpira na miwani, na usitie humo kitu chochote cha alumini, kitaliwa.

La pili ni klorini ya nguvu ya asilimia 0.5. Chupa ya asilimia 5 unaichanganya kipimo 1 kwa maji vipimo 9. Jik ya asilimia 3.5 ni kipimo 1 kwa maji vipimo 6, mchanganyiko ambao muuguzi yeyote wa Kenya anaujua kwa kichwa. Kifaa kikae kimezama dakika 20. Usiichanganye na siki wala asidi yoyote, hata kidogo. Gesi inayotoka hapo inaunguza mapafu.

Boksi limepinda, haliketi vizuri juu ya jenzake

Limepata joto. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 za Selsiasi, na polistireni huanza kulegea ikikaribia nyuzi 80. Nafasi iliyo katikati ni finyu, na birika lililotoka kuchemka linairuka yote. Anayemimina maji ya birika ili nta iondoke yenyewe huipata nta sakafuni na boksi likiwa limejikunja pembeni. Mvuke ni hivyo hivyo: kuna wanaopanga maboksi haya juu ya mashine ya mvuke ili kuyeyusha masega mazee, wakashangaa kona zimelegea. Kazi hiyo mpe boksi la mbao.

Maji ya nyuzi 50 yanatosha kabisa, maana nta unaiondoa kwa kukwangua, si kwa kuyeyusha. Boksi lililopinda halinyooki tena. Kama mwanya ni mdogo, nyuki wataukandika wenyewe kwa gundi. Kama unaona mwanga upande wa pili, lifanye la kufunikia chombo cha kulishia.

Ukuta wa ndani una mabonde yanayonata, mithili ya sukari iliyoingia maji

Hapo hakuna ugonjwa wala mdudu. Ni kemikali. Petroli, thina, asetoni, gundi za kupuliza na rangi za mafuta zote zinayeyusha polistireni, na nyingine hufanya hivyo hata kwa mvuke wake tu ndani ya stoo iliyofungwa. Dalili ikijitokeza upande mmoja wa boksi, uliza nini kilikuwa kimewekwa rafuni upande huo. Mara nyingi ni kidumu cha mafuta ya mashine ya kukatia majani.

Kata sehemu iliyoyeyuka mpaka ufikie punje nzima, jaza kwa gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na punje za polistireni, acha ikauke, kisha piga msasa. Nje paka rangi ya maji, ile ya kuta. Rangi hiyo ina kazi nyingine pia: polistireni isiyopakwa ikikaa juani hugeuka manjano na kuanza kutoa unga.

Gundi ya nyuki haitoki

Hapa ndipo nguvu nyingi zinapopotea bure. Gundi ya nyuki ina tabia mbili. Ikipata joto inavutika na kujipaka kila mahali. Ikipata baridi inakauka na kumeguka. Anayeikwangua mchana wa Julai anaihamisha tu kutoka ukutani kwenda kwenye kikwanguo, kutoka kwenye kikwanguo kwenda kwenye glavu. Subiri asubuhi yenye barafu. Vitu vidogo kama milango, vilishio na wavu wa kuzuia malkia uviweke kwenye friza usiku kucha, kesho yake uvigonge kidogo juu ya karatasi. Wavu wa plastiki hauna njia bora zaidi ya hiyo: ukiukunja kidogo baada ya kutoka kwenye friza, gundi inaruka vipande vipande.

Patasi ya chuma usiiguse kwenye polistireni. Ngozi ya juu ikishatobolewa, punje zinaanza kung'oka moja moja, na kila tundu linaloachwa linakuwa makazi mapya ya gundi, maji na vijidudu. Tumia kikwanguo cha plastiki cha mafundi rangi, na kwenye kona kadi ya benki iliyokwisha muda. Uchafu mwingi uko kwenye ukingo zinapoketi fremu. Mara nyingi ukingo huo una kipande cha plastiki au bati kinachochomoka. Kichomoe, chini yake utakuta tabaka la gundi, mayai ya nondo na mabawa makavu ambayo brashi isingeyafikia kamwe.

Ukimaliza kukwangua ndipo soda inaingia. Loweka robo saa, sugua kwa brashi ya nailoni. Maji yatageuka rangi ya chai ya rangi. Ni utomvu wa gundi unaoyeyuka. Yakishakuwa meusi na brashi ikaanza kuteleza, yamwage, tengeneza mengine. Watu wanabana soda wakati ni kitu cha bei rahisi kuliko vyote kwenye kazi hii, halafu wanatumia pesa kwa mashine ya maji ya nguvu. Hiyo mashine siipendi. Ukiikaribisha inachimba punje, ukiiweka mbali haitoi kitu, na hapo katikati inarusha vipande vya nta chafu hadi kwenye uzio wa jirani.

Makombo uliyoyakwangua yakusanye yote, uyachome au uyafunge kwenye mfuko. Yakibaki chini, nyuki wa mizinga mingine watakuja kuyaokota na chochote kilichomo.

Imetoka, lakini rangi ya kahawia imebaki

Iache. Ni doa, halina madhara. Ukipitisha kidole na hakinati, boksi ni safi.

Boksi limekauka likawa na unga mweupe

Wengi wanadhani ni ukungu. Weka tone la maji: unga ukiyeyuka papo hapo, ni soda iliyobaki kwa kukosa kusuuzwa. Suuza mara mbili zaidi. Hili lina uzito kuliko linavyoonekana, kwa sababu soda iliyobaki ukutani inapunguza makali ya klorini inayofuata. Klorini inaua vizuri zaidi maji yasipokuwa na soda nyingi. Ukiona unga haukuyeyuka na una nyuzinyuzi, huo ni ukungu kweli. Rudia usafi, kisha tafuta unyevu unatoka wapi.

Vishimo na mifereji ukutani

Soma alama kabla ya kutafuta dawa. Vibonde virefu vilivyopangwa safu, vyenye utando mweupe na vinyesi vyeusi vidogo, ni vya nondo wa nta. Funza wake akitaka kujisokota bundo (kifuko anamogeukia nondo) anachimba kwanza kitanda, na polistireni kwake ni laini kuliko mbao. Meno yake si ya mchezo: Federica Bertocchini, mtafiti ambaye naye anafuga nyuki, aliwatoa funza hawa kwenye masega yake akawatia katika mfuko wa plastiki, wakautoboa, habari hiyo ilichapishwa mwaka 2017 katika jarida la Current Biology. Vijia vyembamba kwenye maungio, na punje nyeupe zimemwagika chini ya mzinga, ni siafu au sisimizi. Mlango uliotafunwa na harufu ya mkojo ni panya. Shimo linaloanzia nje kwenda ndani, la kipenyo cha sarafu, ni ndege gogota, hasa wakati wa baridi kali.

Kwa nondo, masega yakae kwenye friza la nyuzi 18 chini ya sifuri kwa saa 48. Mayai, funza na bundo vyote vinakufa. Kisha yafungwe vizuri kabla ya kurudishwa stoo, la sivyo nondo mpya atataga usiku huo huo. Boksi lenyewe safisha kwa soda, toa bundo zote kwa kijiti, ziba mashimo kwa ile gundi nyeupe. Mahali palipopita panya, klorini ni lazima.

Uliua vijidudu, ugonjwa umerudi

Kwanza, ugonjwa gani? Bila jibu hilo unapiga kelele gizani. Kwa mfugaji wa Ulaya wa kuogopwa zaidi ni ule wa kuoza majana (watoto wa nyuki) unaoitwa wa Kimarekani, unaoletwa na bakteria Paenibacillus larvae. Vifuniko vya vyumba vya majana vinadidimia, vinakuwa na mng'ao wa mafuta, vingine vina tundu. Chukua njiti ya kiberiti, ichome ndani ya chumba kimoja, izungushe, ivute polepole. Ikitoka na uzi wa kahawia unaovutika milimita 10 hadi 30 kabla ya kukatika, usiendelee kusafisha kitu. Funga mzinga, usihamishe fremu wala chombo. Uingereza ugonjwa huu ni wa kuripotiwa kisheria, na wakaguzi wa National Bee Unit, kitengo cha serikali cha afya ya nyuki, hawatozi chochote. Makundi yaliyothibitika huteketezwa kwa moto ndani ya shimo. Maboksi ya polistireni yaokolewe au la, mkaguzi ndiye atakayekuambia.

Sababu ya ukali wote huo ni mbegu za bakteria huyo, ambazo hubaki hai zaidi ya miaka 35 kwenye masega na vifaa. Asidi ya siki haiziui. Friza haiziui. Klorini ya asilimia 0.5 inaziua kwa dakika 20, lakini kwa sharti lile lile: izifikie.

Hapa ndipo chanzo cha kawaida kilipo, na ni cha kuchekesha. Polistireni inaelea. Mtu anaweka boksi kwenye pipa la klorini, anaondoka kunywa chai, boksi linaelea nusu yake ikiwa juu ya maji. Baada ya dakika 20 analitoa akiamini limezama muda wote. Weka ubao juu yake, na juu ya ubao matofali, mpaka ukingo wa juu upotee majini. Kisha litikise ili mapovu ya hewa yaliyonaswa kwenye maungio yatoke. Kama huna pipa kubwa la kutosha, kupaka kwa sifongo kunahitaji ukuta ubaki umelowa dakika zote 20, maana yake unarudia kupaka tena na tena.

Chanzo cha pili ni dawa yenyewe. Klorini inazeeka chupani, na mbio zaidi ikikaa kwenye joto. Chupa ya mwaka juzi inaweza kuwa maji yenye harufu tu. Tengeneza mchanganyiko siku unayoutumia, umwage yakishaingia maboksi machafu.

Cha tatu ni masega. Boksi linang'aa, halafu linarudishiwa fremu zile zile nyeusi. Kwa nosema (ugonjwa wa tumbo la nyuki) na maradhi ya chokaa (ukungu wa majana), masega mazima yanaweza kufukizwa kwa asidi ya siki ya asilimia 80, mililita 120 kwa kila boksi la majana, nje ya nyumba, kwa wiki moja, kisha yapigwe hewa mpaka harufu iishe. Asidi hiyo inachoma ngozi, inakula misumari na kuharibu sakafu ya saruji. Kwa idadi ndogo ya mizinga mimi huyeyusha masega mazee nikaweka nta mpya, nalala usingizi.

Cha nne ni mkono wako. Patasi inayotoka mzinga mmoja kwenda mwingine bila kuoshwa inabeba kila kitu. Weka ndoo ndogo ya soda na brashi manzukini (penye mizinga), patasi izame humo kati ya mzinga na mzinga, nayo iwe imesuguliwa, si kuchovywa tu. Viriba vya bomba la moshi, lile la kutulizia nyuki, vinasahaulika kila mara; vinashikwa na glavu chafu siku nzima, havioshwi mwaka mzima. Glavu za ngozi hazitakati kabisa. Huku wengi wanatumia zile nyembamba za kutupa. Kwa nyuki wetu wa Afrika Mashariki hizo ni kujitafutia balaa, basi vaa glavu nene za mpira za jikoni, ambazo angalau zinaoshwa.

Mzinga ni safi, nyuki wamehama

Nyuki wa Afrika Mashariki wana miguu myepesi, na harufu ngeni inawatosha kuwa sababu. Ingiza kichwa ndani ya boksi: ukisikia klorini au sabuni, wao wanaisikia mara nyingi zaidi. Suuza tena, liache wazi penye upepo siku mbili tatu. Mzinga uliotakaswa kabisa pia hauna harufu ya nyumbani, kwa hiyo paka nta iliyoyeyushwa kidogo kwenye ukingo wa fremu na mlangoni, sugua na majani ya mchaichai. Mchaichai una mafuta yanayofanana na harufu ambayo nyuki wenyewe hutoa kuitana.

Wanakuvamia kabla hujafungua kifuniko

Nusa ovaroli yako. Mwiba unapochoma unaacha harufu ya hatari inayokaribia ndizi mbivu, na nguo iliyochomwa wiki iliyopita bado inawaambia nyuki wa wiki hii washambulie. Vua wavu wa kofia, fua iliyobaki kwa soda, suuza, anika. Wavu uoshe kwa mkono, mashine inaukunja na kuutoboa.

Mashine ya kukamulia asali ina utando usiotoka

Maji ya moto yameyeyusha nta na kuitandaza. Anza na maji ya baridi siku zote. Asali inayeyuka, nta inabaki punje punje, unaifuta. Yakishatoka ndipo upitishe maji moto na sabuni. Klorini usiiache ikilala kwenye chuma cha pua, inakidonoa. Na ndoo ikauke hasa kabla ya asali kuingia: matone machache yaliyobaki chini yanatosha kuchachusha sehemu ile iliyoyagusa.

Unataka kuyatuma nyumbani maboksi uliyoyasafisha

Swali hili huja kila mtu anapopunguza mizinga Ulaya na ana ndugu wanaofuga Afrika. Usiyatume, hata kama umefuata kila hatua ya hapo juu. Ugonjwa wa Kimarekani ulithibitishwa Afrika Kusini, jimbo la Western Cape, mwaka 2009. Mbegu zake si kitu cha kupandisha ndege. Mzinga mpya fundi seremala wa Tabora anaweza kuutengeneza kwa vipimo ukimtumia mchoro. Wewe tuma mavazi mapya, wavu mpya, au mashine ya kukamulia ambayo haijawahi kuguswa na asali.